Jioni Njema katika Mji Usio na Bahari

Mtajie mfanyakazi wa mjini maneno "kutoka jioni", na mara fikra zake zitakwenda pwani. Ataiona bustani ya Forodhani kule Unguja, moshi wa mishikaki na pweza ukipanda huku vijana wakijirusha majini. Ataikumbuka Coco ya Dar es Salaam, mihogo ya kukaanga na upepo wa bahari. Au atasimulia habari za Mombasa, mji ambao wageni wake huuchanganya usiku na mchana. Ni kana kwamba starehe ya jioni waliandikiwa watu wa pwani peke yao, na sisi wa bara tukaachiwa kulala pamoja na kuku.

La hasha. Bahari si sharti la starehe. Sharti la starehe ni mpango. Na mahali pazuri pa kulithibitisha neno hili ni Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, na hasa kwa mtu aliyepanga au kufikia katika kata ya Viwanja Sitini.

Ukiiacha barabara kuu pale Mikumi, Mkoa wa Morogoro, unashuka kuelekea kusini kwa mwendo wa kama kilomita mia moja hivi. Unapita Kidatu penye bwawa la umeme na mashamba ya miwa, unapita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, na hatimaye nchi inafunguka mbele yako ikawa uwanda mpana wa mpunga. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kwa urefu wake wa kilomita 1,860 imeunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa njia hizo mbili Ifakara imepokea watu wa kila namna. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena wamo humo, pamoja na wageni wengi waliofuata kazi, elimu, biashara na ardhi yenye rutuba.

Jina la Viwanja Sitini linasomeka kama karatasi ya mpima ardhi kuliko jina la mahali pa starehe. Lakini tusidanganywe na majina. Baba na mama waliotoka kazini Jumamosi, watoto wakiwa wameoga na kuvaa nguo safi, wanayo haki ya jioni njema sawasawa na mtalii aliyelipia hoteli ya pwani. Linalobaki ni kuulizana mapema: tutoke lini, kwa fedha ngapi, twende wapi, na turudi vipi?

Tuanze na lini. Katika bonde hili kalenda ya starehe huandikwa na mvua. Mvua kubwa hunyesha hasa kati ya Machi na Mei. Wakati huo mto Kilombero hutanuka ukafunika mbuga, na mto Lumemo ulio jirani na mji nao si wa kufanyiwa mzaha. Njia za mitaani hugeuka matope, na kiatu kizuri huwa majuto. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya kutoka. Ardhi imekauka, jioni ina ubaridi wa kiasi, na mavuno ya mpunga huwa yamekwisha kuingiza chochote mfukoni. Tena, mwenye busara hutazama na mwezi. Jioni ya mbalamwezi humwonyesha mtembea kwa miguu shimo lililo mbele yake, na hupunguza haja ya kulipa chombo kwa safari fupi.

La pili ni fedha. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibikiwa, kwa sababu baba hupanga kichwani mwake peke yake, na mama huarifiwa saa ya kutoka kana kwamba yeye ni mgeni. Yafaa mapatano yafanyike siku mbili tatu kabla. Kwanza itengwe nauli ya kurudia, iwekwe mbali, isiguswe kwa lolote. Pili utengwe mlo. Kinachobaki ndicho cha kinywaji na muziki. Wengi hufanya kinyume: huanza na kinywaji, na nauli hutafutwa usiku wa manane kwa kukopa. Mama naye akumbukwe kwamba kutoka kwake si kuhamisha jiko. Ikiwa ataamka alfajiri apike vyakula vya kubeba, ashinde akivilinda vikapu na watoto, kisha arudi kuosha vyombo, basi yeye hakutoka. Amebadilishiwa mahali pa kazi tu.

Kwa habari ya mlo, Ifakara haina sababu ya kuionea pwani wivu. Mchele wa Kilombero husafirishwa mbali na kuuzwa kwa jina lake, kwa ajili ya harufu yake pindi unapochemka. Mtoni hutoka kambale, perege na kitoga. Sahani ya wali wa huko na samaki wa kukaanga au wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu ni chakula ambacho mtu wa Dar es Salaam hukilipia zaidi na kukipata kimechakaa kwa safari. Ushauri ni kula mapema, kabla giza halijaingia. Mwenye tumbo lililoshiba hunywa kwa kiasi, na watoto hawasinzii kwa njaa.

Sasa twende wapi? Mwenye kupenda maji hatakosa. Kilomita chache kusini mwa mji upo mto Kilombero, na juu yake daraja lenye urefu wa mita 384 lililofunguliwa rasmi Mei 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Kabla ya hapo, aliyekwenda Mahenge au Malinyi alitegemea kivuko. Watu wa bonde hilo hawajasahau Januari 2016, kivuko kilipozama mtoni humo kikiwa na abiria na magari. Kwa hiyo daraja hilo si pambo. Saa kumi na moja jioni, jua likielekea milima ya Udzungwa, maji hugeuka rangi ya shaba na mitumbwi ya wavuvi hurejea. Hakuna kiingilio.

Lakini mto si bahari, na hapa sheria ni moja: kutazama, si kuoga. Kilombero una mamba na viboko, na kiboko hutoka majini giza linapoingia ili ale majani nchi kavu. Mtoto asiteremke ukingoni kuchota maji wala kuosha miguu. Jua likizama, familia iwe imekwisha kugeuza uso kuelekea mjini.

Baada ya mto, muziki. Mkoa wa Morogoro una jina kubwa katika historia ya dansi nchini. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikafuata mwaka 1948. Baadaye Mbaraka Mwinshehe akalipeleka gitaa la Morogoro mpaka nje ya mipaka ya Tanzania. Nyimbo za wakongwe hao bado zinapigwa, na zinawafaa wenye umri wa kuketi na kuongea. Tena bonde lenyewe lina ngoma zake, kama sangula, na mwenye bahati ya kukuta ngoma ikichezwa asiipite kwa haraka kwenda kutafuta spika. Kwa familia yenye watoto, muziki wa saa moja na nusu unatosha. Ukumbi ambao watu wake wamekwisha kulewa saa mbili si mahali pa mtoto, hata kama soda zake ni baridi.

Hapa sasa tumefika penye jambo kubwa kuliko yote, ambalo mgeni wa pwani halifikirii anapopanga jioni yake mjini Ifakara. Jambo hilo ni mbu.

Ifakara ni miongoni mwa miji ya Afrika ambako mbu amechunguzwa kwa miaka mingi. Wataalamu kutoka Uswisi walianzisha maabara hapo katika miaka ya 1950, na kutokana na kazi hiyo ilikua Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1997 ulianza mpango wa kuuza vyandalua vyenye dawa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandalua hivyo viliongeza uhai wa watoto, kuanzia wa mwezi mmoja hadi wa miaka minne, kwa asilimia 27. Tafsiri ya tarakimu hiyo ni watoto wanaotembea na kusoma leo.

Lakini chandalua humlinda aliyelala. Je, aliyeketi nje saa mbili usiku akisikiliza muziki? Swali hilo ndilo wachunguzi wa Ifakara walilojiuliza baadaye. Wamewafuata watu katika mapishi ya uani, katika maongezi ya barazani na katika misiba, wakaona kwamba saa za jioni, kabla ya kulala, zimekuwa mwanya wa mbu. Kuna aina ya mbu wa malaria ambao hupenda kuuma nje na mapema. Kuna na wengine, waitwao kitaalamu Anopheles funestus, ambao humngojea mtu ndani ya nyumba usiku ulipokolea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hao wa pili ndio wanaoeneza zaidi ya nne kwa tano ya malaria katika vijiji vilivyochunguzwa bondeni humo. Basi mtu anayerudi kutoka matembezini na kujitupa kitandani bila chandalua amemkwepa adui mmoja na kujipeleka kwa mwingine.

Lenye kufurahisha ni kwamba wachunguzi hao hawakusema watu wakae ndani na kufunga milango. Walikwenda kwenye starehe yenyewe. Walichukua mkonge na nguo ya gunia, wakavitia dawa ya kufukuza mbu na kuvitengeneza kama mapambo, kisha wakavijaribu katika mabaa ya wazi. Waliokaa karibu na mapambo hayo waliumwa kidogo kuliko wengine. Baadaye wakajaribu na viti, hata kandambili zilizotiwa dawa. Kwa hiyo hata ile miji yenye bahari ambayo sisi wa bara tunaionea wivu inaweza kufaidika na akili iliyofunzwa na mbu wa Kilombero.

Kwa familia ya kawaida, funzo la uchunguzi huo ni jepesi. Vaa suruali au kanga ndefu ifunikayo kifundo cha mguu, kwa kuwa mbu wengi wa bonde hupenda kuuma chini. Chagua meza iliyo mbali na dimbwi na majani marefu. Paka dawa ya kufukuza mbu kabla ya kuondoka nyumbani, wala si baada ya kuanza kujikuna. Mtoto mchanga na mama mjamzito wasikae nje sana, kwani malaria kwao ni hatari kubwa zaidi. Na kabla ya kutoka, chandalua kiwe kimekwisha kuteremshwa na kuchomekwa chini ya godoro, ili mtoto aliyelala begani aingizwe moja kwa moja. Homa moja ya mtoto huweza kula fedha na siku za kazi kuliko matembezi kumi.

Limebaki la kurudi. Siku hizi pikipiki na bajaji zimerahisisha mwendo, na jambo hilo ni jema. Hata hivyo inasikitisha kumwona baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja saa nne usiku, bila kofia ngumu hata moja, dereva naye akitoka pale pale walipokuwa wakinywa. Tukumbuke kwamba wanamuziki wale wawili tuliowataja, Salum Abdallah mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, wote walifariki kwa ajali za barabarani. Mkoa mmoja ulipoteza sauti mbili kwa namna hiyo. Mpate dereva mnayemfahamu, mwafikiane naye bei na saa kabla ya kutoka, na familia kubwa ichukue bajaji. Nauli iliyowekwa mbali tangu mwanzo ndiyo sasa inaonyesha kazi yake.

Ratiba yetu basi ni hii. Saa kumi na moja, mtoni. Saa kumi na mbili na nusu, mezani. Saa moja na nusu, muziki. Saa tatu, safari ya kurudi Viwanja Sitini. Wale wa pwani watasema hiyo si jioni, kwa kuwa kwao saa tatu ndipo watu wanaanza kuvaa. Waseme watakavyo. Jioni haipimwi kwa saa iliyokwisha, bali kwa hali ya nyumba asubuhi yake. Kama Jumapili mama ameamka hana deni la usingizi, baba hana deni la fedha, na watoto wanagombania kusimulia habari za mitumbwi na daraja, basi familia hiyo imetoka kweli.