Nati ya Breki ya Nyuma

Pikipiki yangu ni Honda CG125 ya mwaka 1998. Niliinunua hapa Leicester, Uingereza, kwa jirani aliyechoka kuiona ikioza uani kwake. Inanipeleka kazini zamu ya usiku, mabasi yakiwa yameshalala. Kila Machi lazima ikaguliwe. Wenyeji huuita ukaguzi huo MOT, herufi za ile wizara ya uchukuzi iliyouanzisha mwaka 1960. Pikipiki ikishatimiza miaka 3 inatakiwa iwe na cheti hicho, na cheti ni cha mwaka mmoja tu.

Mara ya kwanza nilijiandaa kama tunavyofanya nyumbani Morogoro. Nilimwaga oili, nikasafisha kabureta na plagi, nikapiga kiki mpaka injini ikatulia. Nikajiona fundi. Kisha nikasoma orodha ya ukaguzi. Injini haimo. Klachi haimo, wala gia. Kumbe mkaguzi hana haja ya kujua kama pikipiki inakwenda. Anataka kujua kama itasimama, kama itaonekana, na kama itafuata unakoielekeza.

Siku hizi naanza na matairi: kashata zisipungue milimita 1 kwenye robo tatu ya upana wa tairi. Nainua gurudumu la mbele na kuzungusha usukani taratibu, nikisikiliza kwa mikono kama beringi zinakwama. Naangalia cheni isilegee wala isikaze mno. Nawasha taa, napiga honi, nahakikisha taa ya breki inawaka kwa mkono na kwa mguu, kila mmoja peke yake. Breki ya nyuma naiacha mwisho. Siyo ngumu. Ni rodi moja, springi moja na nati moja. Ila mimi na nati hiyo tuna mambo yetu.

Honda waliibuni CG miaka ya 1970 wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaobeba mizigo mizito na kuchelewa kumwaga oili. Baadaye viwanda vya China vikaunda injini nyingi kwa mfano wake. Pikipiki ya baba ilikuwa mojawapo ya hizo. Alibebea kabichi kutoka Mgeta, milimani Uluguru, kuzishusha mpaka mjini.

Mwaka 2008, nikiwa na miaka 16, baba aliniachia pikipiki jioni niikaze breki. Nati ilikuwa imelika, inazunguka bila kushika. Maduka ya spea yalishafungwa. Nikachukua waya wa kufungia nondo, nikaizungushia ncha ya rodi, nikakaza kwa koleo. Nilijaribu mara mbili uani, ikashika. Sikumwambia. Kesho yake, kwenye mteremko, waya ulikatika. Baba na kabichi zake waliishia korongoni. Mguu wake wa kulia haukukunja tena vizuri tangu siku hiyo. Watu walipouliza, alijibu, "Breki ilikataa." Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimepiga magoti uani, spana mkononi, simu imeegemezwa kwenye kopo la grisi. Baba alipiga kama kawaida yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamwambia naandaa pikipiki kwa ukaguzi, nimefika kwenye breki ya nyuma. Kisha nikajikuta nasema: "Baba, ule waya niliufunga mimi. Nati ilikuwa imelika, nikaogopa kukwambia."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia redio yake.

"Niliuona," akasema. "Asubuhi ile, kabla sijapiga kiki. Nikaukanyagia, nikaona unashika. Kabichi zilishakatwa, mwanangu. Zingelala siku mbili, nani angezinunua?"

Miaka yote nilidhani nilimficha. Kumbe tuliukagua sote wawili, mmoja jioni na mwingine asubuhi, na wote tukaupitisha. Mimi nilitaka nisionekane nimeshindwa kazi. Yeye alitaka kuwahi soko. Hakuna aliyekuwa mzembe kama nilivyojitukana muda wote huu. Tulichokosa ni mtu wa tatu, asiye na kabichi za kuuza, wa kutuambia kwamba pikipiki hii leo haiendi.

Hapa wenye pikipiki kuukuu humlalamikia mkaguzi. Anachukua hela, anatafuta makosa, anakurudisha nyumbani kwa ajili ya balbu. Nami nimewahi kunung'unika, maana siku ambayo pikipiki haitembei nalipa nauli ya teksi. Ila Jumamosi ile niliifungua nati, nikaisafisha nyuzi zake kwa brashi, nikaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa bado nzima. Hata hivyo nikaweka mpya.

Jumatatu mkaguzi alikanyaga breki, akainama kuitazama rodi, akaendelea na mambo mengine bila neno. Pikipiki ilipita, ikiwa na angalizo moja: cheni inaanza kulika.

Nilimtumia baba picha ya cheti. Akauliza cheni mpya huko inauzwa shilingi ngapi.