Siku Tatu Ukingoni mwa Msitu



Nyumba ya waqfu tuliyoachiwa karibu na Gede ilikuwa imefungwa kwa misimu miwili ya mvua, na wiki iliyopita tulikwenda kuifungua: wanaume 12, kina mama 9, na watoto ambao hatukuwahesabu. Nia ilikuwa kuikarabati ili familia za msikiti wetu zipate pahala pa kupumzika, kusoma na kufanya ibada kwa utulivu. Hatukwenda matembezi. Tulichukua majembe, mapanga, mifuko minne ya saruji na sufuria kubwa la pilau.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una eneo la takriban kilomita za mraba 420, nao ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu wa asili wa pwani kilichosalia katika Afrika Mashariki. Humo yumo bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi shibiri moja, na yumo sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama wa pua ndefu anayepekua majani makavu akitafuta wadudu. Watoto walimwona siku ya kwanza, nyuma ya jiko, na kazi ya kupaka chokaa ikasimama nusu saa. Hatukuwakemea, hata wazee walikuwa wameacha brashi.

Waliotushughulisha zaidi ni kima. Birika la maji ya mvua halikuwa na mfuniko, wao wakinywa humo na kuacha kinyesi. Kijana mmoja akatoa rai wategewe ndizi zenye sumu. Mwengine akauliza kama maji yale yafaa kwa udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kila mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe. Ama kinyesi chake ni najisi, lakini maji yaliyofika kulateni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Haya yalikuwa yakinuka. Yakamwagwa yote, ndoo kwa ndoo, mpaka adhuhuri, na birika likasuguliwa.

Juu ya sumu, kabla hatujafungua kinywa, mama mmoja aliyekuwa akikuna nazi alisema bila kuinua macho: "Sheikh, yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka hakumpa sumu. Alimfungia tu." Kisha akamgeukia kijana: "Kwani mabati ya mfuniko ni bei gani, mwanangu?"

Kijana hakuwa na jawabu.

Alasiri tuliwapeleka watoto kwenye magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mji ule uliachwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kushuka kwa maji ya visima. Kijana wetu alikaa kitako kando ya kisima cha Msikiti Mkuu, kima wakipita ukutani juu yake, mpaka tukamwita mara mbili.

Mfuniko ulifungwa asubuhi ya siku ya tatu, kwa mchango wa kina mama. Nje ya ua wakaweka karai la maji ya kima, na kijana yule ameahidi kwenda kulisafisha kila mwisho wa mwezi. Chumba cha kina mama bado kinavuja, na mabati sita yamepungua.