Tabora: nta ya ukweni na ngozi ya bibi harusi

Asali, maembe na reli ya zamani ndivyo vinavyosifika Tabora ikitajwa. Safari hii tulifuata nta, tukarudi na somo ambalo kila dada anayepaka kitu usoni au anayetoa nywele kwa waksi anapaswa kulijua.

Mpenzi msomaji, mwambie mtu yeyote wa Dar kwamba unakwenda Tabora, uone. Jibu ni moja tu: "Utaniletea asali?" Hakuna anayeagiza nta. Lakini ukifungua pochi yako sasa hivi, uwezekano mkubwa ni kwamba nta ya nyuki umo nayo humo. Inatumika kwenye rangi za midomo, mafuta ya midomo, maskara na krimu za mikono, kwa sababu inashika mafuta yasimwagike na inaacha utando laini juu ya ngozi. Katika nchi yetu Tabora ni moja ya sehemu inakotoka, na imekuwa hivyo tangu enzi za Mjerumani, wakati nta ilipokuwa bidhaa ya kuvuka bahari.

Nilikwenda huko mwezi wa Juni, msimu wa kurina asali, nikimsindikiza shoga yangu kwenda kutambulishwa ukweni. Ndoa yake ilikuwa wiki saba mbele. Jina lake naliweka pembeni, mwenyewe ameniruhusu kusimulia yaliyobaki.

Njiani

Siku hizi safari ya Tabora imekuwa nyepesi. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 inakutoa Dar na kukufikisha makao makuu kabla hujamaliza umbea wote. Ukitoka hapo unachukua basi kupitia Manyoni na Itigi. Baada ya Itigi vijiji vinaanza kuachana, vichaka vinakaza, halafu unaingia kwenye miyombo, ule msitu wa miti mirefu isiyosongamana. Ukiangalia juu vizuri utaona kitu kama gogo kimening'inia kwenye tawi. Huo ni mzinga.

Kwa anayetaka ladha ya zamani, Reli ya Kati bado ipo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na stesheni ya Tabora ni jengo la kupigia picha. Mji wenyewe umejaa miembe mikubwa yenye kivuli cha kufa mtu, na mwendo wake ni wa taratibu. Mtu anakusalimia hadi anaridhika, ndipo mnaongea la kuongea.

Jikoni kwa mama mkwe

Familia ya bwana harusi inafuga nyuki kwa vizazi. Wanaume wanakwenda porini kurina, mara nyingi usiku, wakiwa na moshi na ngozi ngumu, maana nyuki wetu wa Kiafrika hawana mchezo. Mizinga mingi ni ya magome, mingine ya magogo, na michache ni ya masanduku ya kisasa ambayo haihitaji kumchuna mti ngozi na kumuua.

Asali ikishachujwa, masega yanabaki kwa mama. Anayaosha, anayatia kwenye sufuria ya maji ambayo haipikiwi kitu kingine, anachochea moto mdogo. Nta inayeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi, mbali kabisa na maji kuchemka, kwa hiyo moto mkali hauna kazi zaidi ya kuleta ajali. Anamimina kwenye gunia safi, wawili wanalikamua kwa kulisokota huku na huku, kisha beseni linaachwa lilale. Asubuhi nta imeganda juu kama chapati nene, na chini yake kuna tope la kukwangua.

Masega mapya yanatoa nta ya njano inayong'aa. Masega ya zamani, yaliyolelewa watoto wa nyuki misimu mingi, yanatoa nta ya kahawia inayokaribia weusi, yenye harufu nzito. Na hiyo nyeusi ndiyo mama mkwe anayoiamini. Anaichanganya na mafuta ya alizeti, anatia kwenye kopo. Nyumbani kwao kila mwali alipakwa hiyo mwili mzima kila usiku hadi siku ya ndoa.

Siku ya pili jioni akamkabidhi mkamwana wake kopo lake, limejaa hadi juu.

Zawadi isiyokataliwa

Hapo ndipo pagumu. Mwaka uliotangulia shoga yangu alitolewa nywele za miguu kwa waksi kwenye saluni moja mjini. Siku ya kwanza alikuwa safi, na ya pili akawa safi. Siku ya tatu miguu ikaanza kuwasha ile mbaya, ikatoka vipele vya maji, na madoa yake yalichukua miezi kufifia. Tangu siku hiyo akisikia neno nta anakunja miguu.

Mchumba wake akamvuta pembeni. "Ukikataa cha mama, umemkataa mama." Binti akanyamaza. Mniambie, dada zangu, ungefanyaje? Kulipokea kopo na kulitupa njiani ni uongo wa kuanzia ndoa. Kujipaka kwa heshima ni kuhatarisha uso wiki saba kabla ya picha ambazo zitakaa ukutani miaka thelathini.

Alichofanya kilinifundisha kitu kuhusu ukweni. Asubuhi alikwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, akapandisha gauni kidogo na kuonyesha madoa yaliyobaki. "Mama, ngozi yangu iliwahi kunifanyia hivi. Nataka kujaribu hii yako sehemu ndogo kwanza, na ninaomba tujaribu pamoja."

Mama aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. "Kumbe! Mbona hukusema jana? Sisi nyuki wakiukataa mzinga hatuwalazimishi."

Jaribio la siku saba

Jaribio lenyewe ni rahisi na halina gharama. Tulichora duara dogo kwa kalamu ya wino kwenye kila mkono, upande wa ndani, karibu na kiwiko. Mkono wa kushoto ukapewa mchanganyiko wa nta nyeusi. Wa kulia ukapewa nta ya njano iliyochujwa mara mbili, ikachanganywa na mafuta yale yale. Asubuhi kidogo, jioni kidogo, pale pale, bila kufunga na bandeji. Siku saba, na wengine wanaambiwa wafikishe hata 14.

Kwa nini siku nyingi hivyo? Kwa sababu mzio wa ngozi, ambao wengi tunauita aleji, haukurupuki. Kuna kuungua na kukereka, ambako unakuona hapo hapo: waksi ilikuwa ya moto mno, imevutwa vibaya, au vinyweleo vimevimba. Mzio ni kitu kingine. Ngozi inakutana na kitu, kinga ya mwili inakijifunza kimya kimya kwa siku kumi au wiki mbili, na wewe huna habari. Ukikutana nacho tena, inashambulia, tena kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana msichana anakuambia "nimeitumia mwaka mzima haijanifanya kitu", halafu siku moja uso umevimba. Na ndiyo maana kujipaka kidogo mkononi kwa dakika kumi dukani, ukaona kimya, hakukuambii lolote.

Basi tukaendelea na utalii wetu huku mikono ikingojewa. Siku moja tulikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe ambalo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi na mizigo. Siku nyingine tulizurura sokoni. Kila jioni mama mkwe alikuwa akiita "lete mikono", akiikagua kwa tochi ya simu kama afisa wa uhamiaji.

Siku ya tano, duara la kushoto lilianza kuwasha. Asubuhi ya sita lilikuwa jekundu, lina vipele vidogo vilivyojipanga ndani ya mstari wa kalamu. Tukaacha kupaka pale pale. La kulia lilimaliza siku zote saba likiwa kimya.

Nilimtazama mama nikidhani atanuna. Akachukua kopo la nta nyeusi, akalinusa, akasema polepole, "Nimepaka wangapi hii bila kuuliza?" Hakuna aliyemjibu.

Mkosaji ni nani?

Nta yenyewe ni pole kwa watu wengi. Tatizo kubwa ni yule anayesafiri nayo. Nyuki hukusanya utomvu wa miti na kutengeneza gundi ya kuzibia nyufa za mzinga, ambayo wataalamu huiita propolisi. Gundi hiyo inajulikana sana kwa kuleta mzio wa ngozi, kiasi kwamba madaktari wa Ulaya wameiweka kwenye orodha yao ya msingi ya vitu vya kumpima mgonjwa. Nta isiyosafishwa vizuri inaweza kuwa nayo. Na kwa kuwa inatokana na miti, gundi ya Tabora si lazima ifanane na ya kwingine.

Waksi ya saluni nayo ina mambo yake. Nyingi hutiwa ulimbo wa misonobari, unaoitwa kolofoni, ili inate. Ulimbo huo huo umo kwenye baadhi ya plasta za vidonda. Kama plasta imewahi kukuachia alama nyekundu inayowasha yenye umbo lake, mwambie fundi wako wa waksi kabla hajachovya kijiti. Hata nta ya sufu ya kondoo, ile lanolini ya kwenye mafuta ya midomo na ya akina mama wanaonyonyesha, ina watu wake inaowakataa. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliichagua kuwa kisababisha mzio cha mwaka 2023. Neno "asili" kwenye kopo, jamani, halijawahi kuwa kinga ya mtu.

Kipimo cha daktari

Tuliporudi Dar, shoga yangu alikwenda kwa daktari wa ngozi. Kipimo anachofanyiwa mtu kama yeye kina zaidi ya miaka mia moja. Daktari Josef Jadassohn alikieleza mwaka 1895, na kanuni haijabadilika. Vitu vinavyoshukiwa vinawekwa kidogo kidogo kwenye vikombe vidogo vinavyobandikwa mgongoni. Vinakaa saa 48, huogi mgongo, huendi kutoka jasho gym. Vinatolewa, mgongo unasomwa, na unasomwa tena siku mbili hivi baadaye, kwa sababu wengine wanachelewa kujibu.

Yeye alijibu kwa viwili: propolisi na kolofoni. Daktari akamweleza kwamba si ajabu, kwani vyote viwili vina asili ya utomvu wa miti na mara nyingi mtu mmoja huvikataa vyote. Kwa hiyo miguu ya mwaka uliopita na mkono wa Tabora vikapata maelezo. Nta ile safi aliambiwa asiipeleke usoni, hata kama mkono ulikaa kimya. Nywele alitoa kwa sukari iliyopikwa na ndimu, baada ya kuijaribu nayo mkononi wiki nzima.

Kabla hujapaka

Jaribu bidhaa moja kwa wakati, mara mbili kwa siku, siku saba, sehemu ndogo ya mkono ambayo haina kidonda. Ikiwasha, acha na uoshe. Uso au midomo ikivimba, au ukipumua kwa shida, usingoje, nenda hospitali.

Usijifungie bidhaa isiyojulikana chini ya plasta ukiiga kipimo cha daktari. Yeye anajua kiasi cha kuchanganya, wewe utajiunguza.

Kama unatumia mkorogo, sema ukweli. Ngozi iliyolainishwa na krimu za steroidi inaweza kuchunika na waksi, na dawa hizo zinaweza kuuficha mzio wakati wa kipimo. Krimu za chunusi zenye retinoidi nazo zinaifanya ngozi ichunike kirahisi.

Bibi harusi, anza miezi miwili kabla. Wiki ya ndoa si wiki ya kujaribu kitu kipya, hata kikitoka kwa nani.

Na wewe bwana harusi, akikuambia "ngoja nijaribu kwanza", mwache ajaribu. Hajamkataa mama yako.

Ukienda Tabora

Nenda kati ya Mei na Julai kama unataka kuona asali ikirinwa, na beba sweta kwa ajili ya usiku. Porini nenda na mwenyeji, vaa nguo ndefu za rangi nyeupe au hafifu, na manukato yaache hotelini kwa sababu yanawasumbua nyuki. Ukinunua nta, chagua kipande cha njano kisicho na tope chini, na uliza kimechujwa mara ngapi. Mama mkwe wa shoga yangu bado anauza zote mbili jirani na kwake, lakini siku hizi nyeusi anaiuza kwa mafundi wa viatu na mbao tu. Anayetaka ya kupaka anapewa kipande kidogo cha njano bure na kuambiwa arudi baada ya wiki.