Pango la Kilimia lasafiri hadi mijini

UKITOKA mji wa Alice Springs, katikati ya Australia, utasafiri karibu kilomita 450 kabla ya kuufikia mwamba mwekundu wa Uluru. Watalii wengi hupiga picha hapo, wakanunua fulana na kurudi walikotoka.

Sisi leo tuendelee kusini, kilomita 100 hivi nyingine, kwenye vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi, hadi pango la Walinynga. Wageni huliita Cave Hill.

Huko hakuendeki ovyo. Nchi hiyo ni ya Waanangu, wenyeji wa asili, ambao sheria ya mwaka 1981 iliwatambua kuwa wamiliki wa kilomita 103,000 za mraba. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya Kenya nzima, na wakazi wake ni elfu chache tu. Asiye na kibali haingii.

Ukishafika, inua macho. Paa la pango limejaa michoro juu ya michoro. Ni kisa cha dada saba waliokimbizwa jangwani na mwanamume mmoja mchawi, Nyiru, mwenye tamaa isiyojua haya. Alijigeuza hiki na kile ili awanase, hata wale dada wakapaa mbinguni na kuwa nyota. Nyota hizo si ngeni kwetu. Ndizo Kilimia, ambazo wakulima wa Pwani walizitazama wapate kujua majira ya kulima.

Kisa hicho ni ramani pia. Kila mahali dada hao walipopumzika pana jiwe, kisima au mti, na anayeujua wimbo wa safari yao anajua maji yalipo. Katika jangwa kama lile, kusahau ubeti mmoja si mchezo.

Na ubeti ulikuwa ukisahaulika. Wazee walikuwa wakifa, vijana wamehamia mijini au wameinamia simu. Mnamo mwaka 2010 wazee wakawaendea wasomi wa Canberra, wakawaomba wasaidie kuikusanya njia hiyo ya nyimbo kabla haijakatika vipande vipande. Tafadhali msomaji, tambua ni nani aliyebisha hodi kwa mwenzake.

Kazi hiyo ilizaa maonyesho katika Makumbusho ya Taifa ya Australia mwaka 2017, yakiongozwa na Margo Neale, mama mwenye asili ya wenyeji. Humo mlikuwa na kuba. Mgeni alijilaza chali, na mitambo ya kompyuta ikamwangushia michoro ya Walinynga juu na pande zote, nyota zikizunguka, kana kwamba amelala pangoni. Maonyesho hayo yalifika Plymouth mwaka 2021, Berlin mwaka 2022 na Paris mwaka 2023. Wazee waliamua nini kionyeshwe. Sehemu za siri za kisa zilibaki jangwani.

Nilipokuwa mtoto, gari la sinema lilikuja kijijini kwetu mara moja kwa mwaka. Shuka jeupe lilitundikwa uwanjani, nasi tukatazama matangazo ya sabuni na Wazungu wakipigana ngumi. Tulifurahi kupindukia, sikatai. Lakini hakuna siku mlima wetu wenyewe ulipoonekana kwenye shuka lile.

Ndiyo maana, pamoja na uzuri wote wa kuba, kilichonivutia zaidi ni kisanduku. Mwaka 1994 Waanangu walianzisha hazina ya picha na sauti iitwayo Ara Irititja, yaani habari za zamani. Picha walizopigwa na wamishonari na watafiti, zilizokuwa zimefungiwa makabatini mbali na kwao, zilitiwa katika kompyuta na kurudishwa jangwani. Kompyuta hizo ziliwekwa ndani ya masanduku yenye magurudumu, yasiyopenya vumbi wala panya, na watu wakayaita niri-niri, jina la mdudu wa jamii ya mbawakawa.

Bibi angeweza kuketi mbele ya niri-niri akamwona mamaye akiwa msichana. Mtu akifariki, picha yake hufichwa hadi kilio kiishe, kwani mila haziruhusu kuitazama. Mambo ya wanaume hayafunguliwi na wanawake, wala ya wanawake na wanaume. Sijui ni simu gani ya jijini yenye adabu kiasi hicho.

Kwa familia zinazotaka kuwaona wale dada bila nauli ya ndege, katikati ya Januari, saa mbili usiku, tokeni nje mtazame juu sana, mkielekea kaskazini. Taa za Nairobi zitawasumbua kidogo. Wengi huhesabu sita tu, wa saba akawapotea. Nyiru yuko upande wa mashariki, katika nyota za Orion, angali anawafuata.