Daftari la Sukari, Daftari la Kodi

Kwa bibi yangu, idadi ya watu wa nyumbani ilitegemea anayeuliza ni nani.

Alikulia Mafia zama za Mwingereza, amri iliposhuka kutoka bomani Kilindoni hadi kwa akida, kwa akida hadi kwa jumbe, na jumbe akaileta mlangoni ikiwa kodi. Mpangilio huo aliuacha Mdachi, pamoja na makao yenyewe, aliyoyahamisha kutoka Chole mwaka 1913 akifuata kina cha maji ya Kilindoni. Jumbe akiuliza kuna wanaume wangapi, jibu lilikuwa tayari: yupo mzee mmoja, naye mgonjwa, vijana wako dago. Na dago, kambi ya wavuvi, leo liko kisiwa hiki, kesho kile. Nani angewafuata?

Majumbe walikwisha baada ya Uhuru. Mimi nimekua chini ya balozi wa nyumba kumi, mzee ambaye macho yalimpotea nikawa namwandikia daftari lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchi nzima. Sukari, sabuni na kanga vikaja kwa mgao, na mgao ulifuata majina. Hapo ndipo bibi alipogeuka.

"Mwandike na mjomba wako."

"Bibi, mjomba si yuko Dar es Salaam?"

"Akija atakunywa chai bila sukari?"

Nikamwandika. Balozi alisikia, akanyamaza. Nadhani kwake pia walikuwapo wajomba wa namna hiyo.

Mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikarudi, zile zilizofutwa mwaka 1972 kwa madaraka mikoani, na zikarudi zikihitaji fedha. Ikaja kodi ya maendeleo. Nyumba yetu, iliyokuwa imejaa kwenye daftari la sukari, ikapungua ghafla kwenye daftari la kodi. Siku za msako wanaume walilala minazini au walitweka tanga kabla ya alfajiri. Siwalaumu: mtu anayeishi kwa nazi na samaki hana mshahara wa kukatwa, na bei ya nazi hakuipanga yeye. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Sensa haina uhusiano na kodi, lakini nenda ukamweleze hivyo mtu aliyewahi kulala minazini. Halafu sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku yenyewe, na tangu 1967 zote zimefanyika Agosti, kusi likivuma. Kwa hiyo aliyevuka kwenda Mrima usiku ule ni wa Mrima, na mvuvi wa Kilwa aliyelala kwetu ni wetu.

Hata hivyo, tumeongezeka kweli. Mwaka 2002 tulikuwa 40,801. Mwaka 2012 tukawa 46,438. Mwaka 2022 tukafika 66,180. Miaka kumi ya kwanza iliongeza watu wasiofika elfu sita, iliyofuata karibu elfu ishirini. Sidhani ni uzazi peke yake. Bado kuna kata za Dar es Salaam zinazotuzidi, nasi ni wilaya kamili: mkuu wa wilaya, mbunge, halmashauri, tarafa mbili za Kaskazini na Kusini, kisha kata, vijiji na vitongoji. Wengine huona ni vyeo vingi kwa watu wachache. Mtu wa kisiwa cha Jibondo haoni hivyo, maana kwake kila ofisi iliyo ng'ambo ni nauli ya chombo, na kusi likichafuka hakuna chombo.

Sensa ya 2022 nilikuwa nyumbani. Karani alikuja na kishikwambi, na mwenyekiti wa kitongoji akamtangulia mwenyewe mpaka dago, akiwaamsha wavuvi waliokuwa wamejifunika matanga. Mmoja alianza kuinuka aondoke. Mwenyekiti akamshika mkono: "Kaa, baba, kaa uandikwe. Sisi tunatafuta kitongoji hiki kiwe kijiji."