Lilikuwa Zima Lilipoingia

Nilizaliwa Korogwe mwaka 1957, nikamaliza darasa la saba, nikashuka Dar es Salaam kama walivyoshuka wengi wa rika langu, na spana ikawa ndiyo jembe langu kwa miaka 46. Nilianza nikiwa spana boi, wa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumshikia fundi tochi. Nikafanya majaribio ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Nikahudumia Land Rover 109 na Bedford mpaka zilipoisha barabarani. Serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, daladala zikaingia mjini, na klachi ikawa ndiyo ugali wetu, kwa sababu gari linalosimama kila kituo hubadilisha gia mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko gari la safari kwa juma zima. Sasa nimeweka spana chini. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016, magari madogo yanayoshushwa bandarini kutoka Japani mengi ni otomatiki, na vijana wenye mkono wa kushusha giaboksi ya kawaida wanapungua. Kabla mkono huo haujasahaulika, nataka nimalize kwa maandishi ubishi niliokaa nao miaka yote hiyo: gari likibadilishwa klachi, kisha likazuka na ugonjwa ambao halikuwa nao, nani aulizwe kwanza?

Jibu la gereji nyingi ni fupi: "Hilo ni tatizo jingine." Mwenye gari naye ana lake: "Lilikuwa zima lilipoingia." Kila mmoja anaamini anasema kweli, na ndiyo maana ubishi hauishi. Msimamo wangu ni kwamba fundi ndiye wa kujiuliza kwanza. Sisemi hivyo kwa kuwa mteja ni mfalme, maana wapo wateja waongo kama walivyo mafundi waongo. Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi gari lilivyoundwa. Klachi imekaa katikati ya injini na giaboksi, na haifikiwi mpaka vitu vingi visivyo na ugonjwa wowote vifunguliwe. Kwenye Hiace inashuka propela. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele zinachomolewa draivu shafti, na mara nyingi inalegezwa mikono ya chini ya magurudumu. Inatoka stata, zinachomolewa plagi za nyaya, inafunguliwa maunti ya giaboksi, wakati mwingine na bomba la eksozi. Kwa hiyo anayebadilisha klachi amegusa robo ya gari. Ugonjwa mpya ukitokea ndani ya robo hiyo siku chache baadaye, akili ya kawaida inasema tuanze kutafuta mkono ulipopita.

Na ukitafuta hapo, dalili zenyewe zinazungumza. Gia zikigoma kuingia, hasa rivasi, klachi haiachii sawasawa: huenda upepo haukutolewa wote kwenye hidroliki, kebo haikurekebishwa, au pleti imefungwa kinyumenyume. Mlio ukija unapokanyaga pedeli, mtuhumiwa wa kwanza ni rilizi beringi. Ukija unapoiachia gari likiwa nyutro, ukapotea ukikanyaga, nenda kwenye beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Gari likitetemeka linapoanza kuondoka, tazama kama kuna grisi iliyopakwa kwa mkono mkarimu ikamwagikia pleti, au flaiwili iliyorudishwa na madoa yake ya bluu ya kuungua bila kusawazishwa. Taa ya rivasi isipowaka, kuna plagi haikurudishwa. Usukani ukivuta upande, mikono iliyofunguliwa haikurudi mahali pake na magurudumu hayajapimwa. Giaboksi ikianza kunguruma juma la pili, uliza oili iliyomwagwa wakati wa kushusha ilirudishwa kiasi gani, na ilikuwa oili gani. Baadhi ya oili za daraja la GL-5, zilizotengenezwa kwa ajili ya difu, zina dawa inayoweza kula shaba ya sinkronaiza.

Makosa mawili nayaeleza kwa karibu, kwa kuwa ndiyo yanayokanushwa zaidi. La kwanza ni kuning'iniza giaboksi. Giaboksi ya gari dogo au pikapu ina uzito wa kilo 30 hadi 50. Wakati wa kuirudisha, shafti yake ya mbele inapita kwenye meno ya kitovu cha pleti, na ncha yake inatafuta beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Shafti ikishaingia kidogo, fundi aliyechoka anaachia mikono apumzike au atafute bolti. Kwa dakika hiyo moja, uzito wote unakalia kitovu cha pleti, na pleti yenyewe, ambayo ni chuma chembamba, inapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pleti inazunguka mara 50 kwa sekunde, na mpindo huo usioonekana unatosha kuifanya igusane na flaiwili hata pedeli ikiwa imefika sakafuni. Mteja anarudi kulalamika kuwa gia zinalia; fundi anasema pleti ni feki. Mbaya zaidi ni yule anayeona giaboksi imekataa kukaa akaivuta kwa bolti mpaka ikae. Giaboksi iliyonyooka huingia kwa kusukumwa na mikono. Ikigoma, kuna kitu hakijanyooka, na bolti si dawa ya kitu kilichopinda.

La pili ni waya wa ethi, ule mkanda wa shaba uliosukwa kama mkeka, unaofungwa kwenye bolti ya giaboksi na kuishia kwenye bodi. Ni chuma cha bei ya chini kuliko vyote vilivyoshuka siku hiyo, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Usiporudishwa, au ukirudishwa juu ya kutu na rangi, umeme wa stata unaozidi ampea 100 unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri: kwenye kebo ya klachi, kebo ya mafuta, popote penye chuma. Gari linawaka kwa shida, taa zinafifia, kebo inapata moto. Mwenye gari ananunua betri mpya, kisha stata mpya, naye fundi anaapa kwamba klachi haina uhusiano na umeme. Klachi kweli haina. Njia ya kuifikia inao.

Wenzangu wamenijibu kwa hoja tatu, na hazistahili kudharauliwa. Ya kwanza ni kwamba gari kuukuu lina magonjwa yake, na klachi mpya huyafichua tu. Ni kweli. Klachi iliyochoka inateleza, na kuteleza huko kunazilinda maunti zilizopasuka na jointi za propela zilizolegea. Ukifunga mpya inayoshika, nguvu yote ya injini inazifikia, nazo zinapiga kelele. Lakini hoja hiyo inamshitaki fundi badala ya kumtetea. Kama anajua kwamba klachi mpya hufichua maunti mbovu, na maunti hiyo ameishika kwa mkono wake akiifungua, kwa nini hakuitazama na kumwambia mwenye gari kabla? Neno likisemwa gari likiwa bado juu ya jeki ni ushauri. Likisemwa baada ya malalamiko, hata likiwa la kweli, litasikika kama kisingizio.

Hoja ya pili ni pesa. Mteja ana bajeti ya pleti tu. Ukimtajia presha pleti, rilizi beringi, sili ya nyuma ya krenki na kusawazisha flaiwili, atahamia gereji ya jirani. Nalijua shinikizo hilo, na nazijua spea feki zinavyouzwa ndani ya maboksi yenye majina makubwa. Ila mchelea mwana kulia hulia yeye. Sili ya krenki ni mpira wa bei ndogo uliojificha nyuma ya flaiwili. Ikivuja mwezi ujao, oili itailowesha pleti mpya, na kuibadilisha ni kushusha giaboksi ile ile upya. Fundi anayenyamaza amemkopesha mteja hasira. Aseme bei mbili, ya kazi kamili na ya kazi nusu, aandike kilichokataliwa, kisha mteja achague mwenyewe. Magari ya sasa yamelifanya hilo kuwa la lazima: pikapu na vani nyingi za dizeli zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, aina iliyoanza kuzalishwa kwa wingi Ujerumani mwaka 1985. Hiyo kwa kawaida haichongwi. Hupimwa mchezo wake, na ikizidi kipimo hubadilishwa, nayo ni ghali kuliko klachi yenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba kanuni yangu inawapa wateja rungu, kila kitu kikiharibika aitwe fundi. Hapana. Kujiuliza kwanza si kukiri kosa. Kanuni hii ina mpaka, nao ndio unaomlinda fundi: nje ya robo aliyoigusa, asibebeshwe. Dereva aliyezoea kupanda mlima kwa hafu klachi ataunguza pleti hata kama ilifungwa na malaika. Lakini fundi hawezi kuuonyesha mpaka huo kama hana orodha. Ndiyo maana nawaambia vijana, na hapa naomba mnivumilie: andika kila unachofungua, kwa mpangilio wa kufungua, na ukirudisha fuata orodha kutoka chini kwenda juu. Bolti ikibaki kwenye sinia, gari halijaisha, hata kama linatembea. Kumbukumbu ya fundi mzuri ni kubwa, ila kumbukumbu haiwezi kuonyeshwa kwa mteja. Na wewe mwenye gari, dai vyuma vyako vya zamani, endesha na fundi kabla hujalipa, na ukisikia jambo geni rudi kwake siku hiyo hiyo, kabla mkono wa pili haujapita ukachanganya nyayo.

Wapo wanaoniambia nalilia kazi iliyokwisha kufa, kwa kuwa otomatiki haina pedeli. Basi washushe giaboksi ya otomatiki waone. Konveta yake inatakiwa izame kwenye pampu mpaka mwisho kabla bakuli la giaboksi halijagusana na injini; isipozama, na fundi akaivuta kwa bolti, pampu inavunjika. Ni kosa lile lile la giaboksi iliyokataa kukaa, na gari litarudi na maneno yale yale.