Kidole Kimoja, Majibu Mawili

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa kompyuta tunaleta jambo la aibu kidogo. Tumeona afadhali tuliseme wenyewe kabla halijafika bombani.

Mnayakumbuka yale maswali ya hesabu tuliyoyaweka kwenye kompyuta ya darasa, ili mtoto akikaa karibu ayafungue kwa simu ya nyumbani bila kununua bando? Tuliyatengeneza kama ukurasa wa intaneti, maswali 20, kila moja na majibu matatu ya kuchagua. Tuliyajaribu siku tatu kwenye kompyuta, kwa mausi. Yakaenda vizuri, tukawaita watoto.

Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye kwenye daftari hakosi hesabu, akapata 12. Akarudia, akapata 11. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mwalimu, huyu nimemwondolea hata kazi ya kuteka maji ili asome, kumbe anacheza." Binti akajitetea kwamba maswali mengine yanajijibu yenyewe. Na sisi, tusifiche, tulimwambia mashine haidanganyi. Akatoka analia.

Jioni ndipo tukaangalia matokeo yote. Waliotumia kompyuta walikuwa juu, waliotumia simu walikuwa chini, wote. Mmoja wetu akachukua simu, akagusa jibu la swali la 1, akajikuta yuko swali la 3. Lo! Yule mtoto swali la 2 hakuliona hata kidogo, wala la 4, wala la 6.

Sababu ni hii. Mausi ikibonyezwa, ukurasa unapata habari inayoitwa kliki. Simu ya kugusa ina habari zaidi: kidole kimegusa, kinasogea, kimeondoka. Halafu, kwa kuwa kurasa nyingi ziliandikwa kwa ajili ya mausi, simu inaigiza mausi na kupeleka kliki pia, mahali palepale kidole kilipokuwa. Sisi tuliuandika ukurasa upokee vyote viwili, kugusa na kliki. Basi mguso ulijibu swali la 1, swali la 2 likaingia, na ile kliki ya kuigiza ikaangukia jibu lililokaa hapohapo.

Tena kuna watoto waliokuwa wanasukuma tu ukurasa kwa kidole wasome swali lote. Kidole kilipotua juu ya jibu, tayari wamehesabiwa wamejibu.

Kwa nini tuliandika hivyo? Tulisikia kliki inachelewa kwenye simu. Zamani ilikuwa kweli. iPhone ilipotoka mwaka 2007, kurasa nyingi zilikuwa za kompyuta kubwa, maandishi yakaonekana kama chembe za mchanga, na mtu aligusa mara mbili haraka ili yakue. Kwa hiyo simu, baada ya mguso wa kwanza, ilingoja milisekunde kama 300, karibu theluthi ya sekunde, ione kama wa pili unakuja. Lakini Chrome ya simu za Android iliacha kungoja huko mwaka 2014, na Safari ya iPhone mwaka 2016, mradi ukurasa uwe na mstari wa juu unaosema upana wake ni upana wa kioo cha simu. Mstari huo tulikuwa nao! Tulikuwa tunampa dawa mtu aliyekwisha kupona.

Tukaifuta sehemu ya kugusa, tukabaki na kliki peke yake, kwenye kitufe cha kweli. Kliki inaitika kwa kidole na kwa mausi. Hata kwenye ile kompyuta yetu ambayo mausi yake ilikufa, mtoto anatembea kwa Tab na kujibu kwa Enter. Kwa michezo ya kuchora au kuburuta vitu kuna njia nyingine, matukio ya pointa, inayosikiliza kidole, mausi na kalamu kwa pamoja. Tangu mwaka 2019 vivinjari vikubwa vyote vinaijua, ila simu kuukuu hapana.

Jumatatu tulikwenda nyumbani kwao. Tulimwomba binti msamaha mbele ya baba yake, na hilo lilikuwa gumu kuliko kurekebisha ukurasa. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, leta simu." Alipata 19. Lile moja alikosa kweli, akatunong'oneza tusimwambie baba, na baba amesimama nyuma yake.

Jumamosi ijayo, kabla ya kuweka maswali ya Kifaransa, tunaomba mtuletee simu zenu tujaribie, hasa za zamani na zenye kioo kilichopasuka.